Kujinyima na Kunyimwa: Maandiko ya Kale juu ya Kuacha Nyama na Kuishi kwa Kiasi

1. Tatizo lenyewe

Maandiko ya kale yanayomshauri binadamu aache nyama na aishi kwa kiasi husomwa mara nyingi kama mlolongo mmoja wa watu wema. Mlolongo huo huanza na Pythagoras, hupitia kwa Plutarchus na Porphyrius, kisha huvuka karne nyingi mpaka Uingereza ya karne ya 17, kana kwamba wote walisema neno lile lile kwa lugha mbalimbali. Usomaji wa namna hiyo una faida yake, maana unaonyesha ukale wa wazo. Lakini unaficha tofauti moja kubwa, ambayo msemaji wa Kiswahili anaibeba ulimini kila siku bila kuifikiri.

Katika mzizi -nyim- lugha imeweka vitenzi vitatu. Kunyima ni kumzuilia mwingine kitu anachokihitaji. Kujinyima, kwa nguvu ya kiambishi -ji-, ni kujizuilia mwenyewe kitu ambacho mkono ungeweza kukifikia. Kunyimwa, kwa kiambishi -w-, ni kuzuiliwa na mtu mwingine. Katika kujinyima, mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Katika kunyimwa ni watu wawili, na mmoja wao ndiye anayeshika ufunguo wa ghala. Sahani isiyo na nyama inaweza kutokana na lolote kati ya hayo mawili, na kwa kuitazama sahani peke yake hakuna awezaye kusema ni lipi.

Makala haya yanadai kwamba maandiko ya kale juu ya kuacha nyama yapimwe kwa swali hilo kabla ya swali la usafi wa roho au la afya ya mwili. Je, mwandishi anaona kujinyima tu, au pia anamwona yule aliyenyimwa ili karamu ipatikane? Waandishi wanne wanatosha kuonyesha jinsi swali hilo linavyobadilisha usomaji: Porphyrius, al-Ma'arri, Thomas Tryon na Benjamin Lay.

2. Porphyrius: korongo na bwana wa shamba

Kabla ya Porphyrius, Plutarchus alikwisha kuligeuza swali kwa ustadi. Katika hotuba zake mbili juu ya kula nyama, ambazo hazikutufikia kamili, hataki kueleza kwa nini Pythagoras aliiacha nyama. Anataka aelezwe ni moyo gani aliokuwa nao mtu wa kwanza kuweka kinywani mnyama aliyekufa. Seneca naye, katika barua yake ya 108, anasimulia kwamba ujanani aliacha nyama kwa mwaka mmoja na kuona jambo hilo kuwa jepesi na hata la kupendeza. Alirudia desturi ya zamani kwa ombi la baba yake, wakati ambapo, chini ya Kaisari Tiberius, kujiepusha na nyama za wanyama fulani kulihesabiwa kuwa dalili ya dini za kigeni.

Lakini kitabu kikubwa cha zamani hizo ni kile cha Porphyrius, aliyezaliwa mnamo mwaka 234 na kufa mwanzoni mwa karne ya 4. Kitabu chake juu ya kujiepusha na vyenye uhai kina sehemu nne. Kimeandikwa kwa Castricius Firmus, mwanafunzi mwenzake katika shule ya Plotinus, ambaye aliwahi kuacha nyama kisha akairudia. Kwa hiyo tangu mwanzo kitabu ni shauri la rafiki kwa rafiki aliyeteleza.

Sehemu ya tatu ndiyo inayompasa mwanaisimu aisome polepole. Wapinzani wa Porphyrius, hasa Wastoa, walisema kwamba haki haiwahusu wanyama kwa kuwa wanyama hawana neno, yaani hawana akili wala usemi. Porphyrius anatenganisha neno la ndani, ambalo ni fikira, na neno la nje, ambalo ni sauti. Kisha anauliza ni kwa kipimo gani sauti ya mnyama inahukumiwa kuwa si usemi. Kama kipimo ni kwamba msikilizaji haelewi, basi hata Wahindi hawasemi, maana Mgiriki hawaelewi. Na mtu wa Attika akimsikia Mskithi, sauti ile humfikia kama kelele za korongo. Anaongeza ushahidi wake mwenyewe: huko Carthage alifuga kwale aliyezoea watu mpaka akawa anatoa sauti ya kuwajibu, tofauti na sauti ya kuwaitia kwale wenzake, na asiyejibu pale watu waliponyamaza.

Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Porphyrius anakataa kugeuza upungufu wa msikilizaji kuwa upungufu wa msemaji. Wanafunzi wa lugha za Afrika wanajua ni mara ngapi kosa hilo hilo lilifanywa na wasafiri walioandika kwamba watu fulani "hawana lugha kamili" kwa sababu tu masikio ya msafiri hayakuwa yamefunzwa. Katika karne ya 3 tayari kosa hilo lilikuwa limetajwa waziwazi.

Hata hivyo, sikio lililomsikia kwale halikusikia yote. Katika sehemu ya kwanza Porphyrius anasema bila kuficha kwamba shauri lake si kwa kila mtu. Halikuandikwa kwa mafundi, wanariadha, askari, mabaharia wala watu wa shughuli za mji. Ni kwa yule anayejiuliza yeye ni nani, ametoka wapi na anakwenda wapi. Mtu wa namna hiyo alikuwa mtu mwenye nafasi. Castricius alikuwa na shamba karibu na Minturnae, na kutoka humo chakula kilipelekwa kwa Plotinus katika ugonjwa wake. Porphyrius huyo huyo, katika maisha ya Plotinus aliyoyaandika, anamsifu Rogatianus, mjumbe wa baraza la Roma aliyeacha mali yake, akawaondoa watumishi wake wote na kula siku moja kwa kuacha siku moja, mpaka maradhi ya miguu yakampoa. Msomaji haambiwi watumishi wale walikwenda wapi na walikula nini. Na pale chakula chepesi kinaposifiwa kwa kuwa hakihitaji utumishi mwingi, hesabu inayofanywa ni ya usumbufu wa bwana, wala si ya uchovu wa mpishi. Huu ni kujinyima kulikokamilika kisarufi: mtenda na mtendwa ni mmoja, na hakuna mtu wa tatu katika sentensi.

3. Al-Ma'arri: dinari ishirini

Abu'l-'Ala' al-Ma'arri, mshairi wa Sham aliyeishi kuanzia mwaka 973 mpaka mwaka 1057, anaivuruga hesabu hiyo. Ndui ilimnyang'anya macho akiwa mtoto mdogo. Baada ya safari ya Baghdad alirudi kwao Ma'arra, akajifungia nyumbani, akaacha nyama, mayai, maziwa na hata asali, kwa kuwa nyuki hakuikusanya kwa ajili ya watu. Uzeeni mwake aliandikiwa barua na al-Mu'ayyad fi'l-Din al-Shirazi, mhubiri mkuu wa Wafatimi wa Misri, aliyetaka aelezwe sababu ya mwenendo huo. Barua zao zimehifadhiwa, na ni mojawapo ya mijadala mizuri sana ya zamani juu ya jambo hili.

Uzuri wake unatokana na namna al-Ma'arri anavyojibu. Anaanza na huruma: maumivu ya wanyama, mama anayelilia mtoto wake aliyechukuliwa. Lakini anaongeza sababu nyingine, isiyo na fahari yoyote. Mapato yake kwa mwaka, asema, ni dinari 20 na kitu, na mtumishi wake akishachukua sehemu yake, kinachobaki hakimwezeshi zaidi ya dengu na vyakula vya namna hiyo. Al-Mu'ayyad aliisikia sababu hii ya pili vizuri kuliko ya kwanza. Akajitolea kumpatia posho kupitia watawala, ili ale vyema. Al-Ma'arri akakataa.

Hapo jibu lenyewe linajifunua. Kama umaskini ungekuwa ndio sababu, posho ingeuondoa. Kwa kuikataa, al-Ma'arri alikugeuza kunyimwa kuwa kujinyima, lakini bila kuficha kwamba vyote viwili vilikuwa katika sahani moja. Wahakiki wengine huiona sababu ya dinari kuwa ujanja wa kumkwepa mhubiri mwenye nguvu, na huenda ilikuwa hivyo kwa kiasi fulani. Lakini ujanja huo una kweli ambayo Porphyrius hakuigusa: mtumishi ametajwa, na amehesabiwa kwanza.

Mfano huo unaonya pia dhidi ya kuichukua tofauti ya vitenzi kwa ukali mno. Si kweli kwamba mwenye kidogo hawezi kujinyima. Mama ambaye katika sufuria ya sombe ana vipande vitatu tu vya samaki, naye akawapa watoto watatu, amenyimwa na dunia, na ndani ya kunyimwa huko amejinyima. Kitendo chake ni chake; hali iliyomlazimisha si yake. Uhakiki mwema hauna budi kuyatambua yote mawili, bila kulitumia la kwanza kulisamehe la pili.

4. Thomas Tryon: mtengeneza kofia anaazima sauti

Thomas Tryon hakuwa mwenye shamba. Alizaliwa mwaka 1634 huko Bibury, kijiji cha Gloucestershire katika Uingereza. Utotoni alisokota sufu, kisha akachunga kondoo. Alipata kujua kusoma akiwa na umri wa miaka 13 hivi, na kwa kufundishwa kuandika alilipa kondoo mmoja kati ya wachache aliokuwa nao. Mwaka 1652 aliuza waliobaki, akaenda London, akawa mwanagenzi kwa fundi wa kofia za manyoya. Kwa kusoma vitabu vya Jakob Böhme, fundi viatu wa Ujerumani aliyeandika juu ya siri za Mungu, alishawishika kwamba ndani ya kila kiumbe mna asili ya hasira na asili ya upendo, na kwamba auaye na kula anaiamsha hasira ndani yake mwenyewe. Tangu mwaka 1657 akaanza kuishi kwa mkate, matunda na maji. Msomaji haachi kuona kwamba kofia zenyewe zilitokana na manyoya ya mnyama. Maisha hayakufuata kitabu kila mahali.

Kitabu chake kilichosomwa zaidi, The Way to Health, kilitoka mwaka 1683. Ni kirefu, kinarudia mambo, na kinachanganya shauri la jikoni na mafumbo ya nyota. Benjamin Franklin alisoma kitabu cha Tryon alipokuwa kijana wa miaka 16 hivi huko Boston, akaacha nyama, na nusu ya fedha za chakula alizookoa akanunulia vitabu. Baadaye, akiwa safarini kwa chombo, alinusa samaki waliokaangwa, akakumbuka kwamba samaki wale walipopasuliwa walikutwa na samaki wadogo tumboni, akala. Kwa Franklin kujinyima kulikuwa akiba, na akiba huvunjwa panapotokea sababu nzuri.

Lakini kitabu cha Tryon kinachostahili kusomwa Afrika ni kile cha mwaka 1684, chenye mashauri ya kirafiki kwa mabwana wa mashamba ya visiwani, alichokichapisha kwa jina la kubuni la Philotheos Physiologus. Katika miaka ya 1660 Tryon alikuwa amekaa Barbados akifanya kazi yake ya kofia, na huko aliiona sukari inavyotengenezwa. Sehemu ya kwanza ya kitabu inazungumzia matunda na majani ya nchi za joto, na inawalaumu Waingereza kwa kujishindilia nyama nzito na pombe kali pasipo kuijali hali ya hewa. Mpaka hapo ni kitabu cha afya. Kisha, bila ya kumtayarisha msomaji, sehemu ya pili inaanza kusema kwa nafsi ya kwanza wingi: sisi. Na hao "sisi" ni Waafrika walio utumwani. Wanalalamikia kazi isiyokoma, kinu cha miwa kinachosaga usiku, mkono wa aliyelemewa na usingizi unaonaswa ndani yake, njaa iliyo mlangoni pa ulafi. Sehemu ya tatu ni mazungumzo ya mtumwa na bwana wake Mkristo, ambamo mtumwa ndiye anayeuliza na bwana ndiye anayebanwa.

Kiungo kati ya sehemu hizo si cha kubahatisha. Kwa Tryon, ukatili ni mazoea yanayoanzia mezani. Aliyezoea kuona damu kuwa kitoweo hapati shida ya kuona jasho la mwingine kuwa sukari. Sahani na kinu vinahesabiwa pamoja, na mtu wa tatu, aliyekosekana katika sentensi ya Porphyrius, sasa ni kiima.

Inafaa kuuliza, hata hivyo, kiima hicho kinasema kwa kinywa cha nani. Mtumwa wa Tryon ni hodari wa hoja, anayajua Maandiko, anaisuta anasa ya Wakristo kwa maneno yale yale ambayo Tryon anayatumia katika vitabu vyake vingine. Hana kijiji, hana lugha, hana hata neno moja la kwao. Porphyrius alikubali kwamba korongo anasema ingawa yeye haelewi. Tryon anamfanya Mwafrika aeleweke kwa kumwazima Kiingereza chake na imani yake. Na mwisho wa mazungumzo unaonyesha gharama ya mkopo huo: bwana anakubali kushindwa, anaahidi kutenda kwa upole zaidi, na mtumwa anabaki kuwa mtumwa. Tryon aliomba kipimo, hakuomba uhuru. Alitaka kunyimwa kupunguzwe, hakutaka ufunguo wa ghala ubadilishe mikono.

Hukumu hiyo isiwe nyepesi, kwa maana mwaka 1684, katika mji uliokuwa ukitajirika kwa sukari, kuchapisha "sisi" ya namna ile lilikuwa jambo adimu. Sauti ya kuazima si sauti yenyewe, lakini iliacha nafasi katika ukurasa, na mahali palipoachwa wazi huweza kukaliwa.

5. Benjamin Lay: kukataa faida ya kunyima

Mmoja wa wasomaji wa Tryon alikwenda mbele kuliko mwalimu wake. Benjamin Lay alizaliwa mwaka 1682 katika Essex, mtu mfupi mno mwenye kibyongo, aliyekuwa mchungaji, fundi wa glavu na baharia. Mwaka 1718 alifika Barbados pamoja na mkewe Sarah, wakafungua duka. Watumwa wenye njaa walikuja kuchukua hata vyakula vilivyooza. Lay aliandika baadaye kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwapiga baadhi yao kwa kuiba, na kwamba tendo hilo lilimtesa moyo. Hapa kitenzi cha tatu kinaonekana hatimaye: kunyima, na mtenda anajitaja mwenyewe.

Baada ya kuhamia Pennsylvania mwaka 1732, alikaa karibu na Abington katika makao yaliyofanana na pango, pamoja na vitabu vyake. Aliishi kwa mboga, matunda, maziwa na asali, akajifumia nguo za kitani asivae kitu kilichompotezea mnyama uhai, na hakukubali kutumia chochote kilichotokana na kazi ya watumwa, sukari ikiwa ya kwanza. Kitabu chake dhidi ya wenye watumwa kilichapishwa mwaka 1737 na Franklin yule yule, ambaye hakuliweka jina lake juu yake. Kama utunzi, ni kitabu kibovu: kurasa hazina mpangilio, na inasimuliwa kwamba mwandishi alimwambia mchapaji aanze na sehemu yoyote apendayo. Lakini kina kitu ambacho Tryon hakukifikia. Hakiombi upole wa bwana. Kinawataja Waquaker wenzake wenye watumwa kuwa waasi wa imani yao.

Mwaka 1738, katika mkutano wao huko Burlington, Lay alichoma kwa upanga kitabu kilichofichwa kibofu chenye maji mekundu ya matunda, na maji hayo yakawarukia waliokuwa karibu kama damu. Alitolewa nje. Mwaka 1758 mkutano wa Philadelphia uliamua kuwachukulia hatua wanachama waliouza na kununua watu. Lay aliipata habari hiyo akiwa mzee, akafa mwaka uliofuata.

Katika maisha hayo kujinyima kumepata maana mpya. Lay haiachi sukari kwa kuwa inachafua roho yake, wala kwa kuwa inaharibu meno, bali kwa kuwa mwingine amenyimwa usingizi, mkono na uhuru ili ipatikane.

6. Hitimisho

Maandiko haya manne hayafanyi ngazi iliyonyooka, ambayo kila mwandishi juu yake ni bora kuliko wa chini. Kwa kufikiri juu ya usemi, Porphyrius anawapita wote waliomfuata. Kwa unyofu wa hesabu, al-Ma'arri hana mwenzake. Tryon ana kiungo, Lay ana tendo. Lakini yakisomwa kwa vitenzi vitatu vya mzizi mmoja, hayaonekani tena kuwa mahubiri ya namna moja, na mwanafunzi anaweza kuyauliza maswali ya wazi: nani ana ufunguo wa ghala, nani anasema, na yule aliyenyimwa anabaki wapi kitabu kinapofungwa?

Maswali hayo si ya zamani peke yake. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, mboga ni chochote kinacholiwa na bukari: sombe, ndakala, hata nyama yenyewe. Lugha ya meza hiyo haianzi kwa kutenga nyama na majani. Inaanza kwa kuuliza kama mboga ipo. Katika miaka ya 1990, familia nyingi za mji huo zilizoea kula mara moja kwa siku. Mtu angeweza kuziandikia sifa nzuri za kuishi kwa kiasi, na kila neno la sifa hizo lingepatikana katika Porphyrius. Zingekuwa sifa za uongo, kwa sababu zingeweka -ji- mahali pa -w-. Kazi ya uhakiki, katika jambo hili, ni kukirudisha kila kiambishi mahali pake.